Mume yuko meli ya huduma za jeshi, simu kimya siku kumi na moja: jibu kwa dada wa Likoni

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Likoni, nalifupisha: "Shikamoo mjomba. Mume wangu alipata uraia wa Marekani, na mwaka jana akaajiriwa kwenye meli inayopelekea manowari mafuta na chakula, yeye yuko jikoni. Mimi na watoto wawili tuko huku twangoja makaratasi. Mwanzo alikuwa apiga kila siku, sasa yaweza kupita wiki nzima, juzi ilikuwa siku kumi na moja. Alisema miezi minne atarudi, huu ni wa sita. Mawifi zangu wasema kuna mwanamke bandarini. Mtoto mdogo ashaacha hata kumtaja babake. Je kazi hizi ndivyo zilivyo ama nadanganywa? Na nimwambie aache arudi?"

Marahaba mwanangu. Pole sana. Nimesoma maneno yako mara tatu kabla sijaandika, manake haya yamenipitia mimi mwenyewe. Nimekaa kwenye meli za aina hio miaka kumi na moja, nilianzia dek, yaani kazi za juu ya meli, nikamalizia userahangi, yaani msimamizi wa mabaharia wa dek, na muda wote huo mke wangu alikuwa Kisauni na watoto watatu. Kwa hivyo nitakujibu kwa urefu na pale penye uchungu sitakuficha.

Kwanza ujue mumeo yuko mahali gani, sababu hapa Mombasa mtu akisikia meli ya jeshi anaona mizinga, na akisikia meli ya mzigo anaona zile za kontena zinazoingia Kilindini. Ya mumeo iko katikati. Ni meli ya serikali lakini wanaoiendesha ni raia, kapteni raia, fundi raia, mpishi raia, wanajeshi mle ndani huwa wachache. Wamarekani wana idara kamili ya kazi hii, Military Sealift Command, ilianza 1949 kwa jina jingine na hili la sasa likaja 1970, meli zake utazijua kwa herufi USNS mbele ya jina. Waingereza wana Royal Fleet Auxiliary tangu 1905. Hata jeshi letu hapa Mtongwe lina KNS Galana na KNS Tana za kubeba watu na vifaa, ila hizo zetu zinaendeshwa na wanajeshi wenyewe.

Sasa kazi yenyewe. Manowari ikiwa bahari kuu haiwezi kukimbilia bandarini kila mafuta yakipungua, kwa hivyo meli ya mumeo ndio inaifuata huko huko. Zinakwenda sambamba, ubavu kwa ubavu, baina yao mita hamsini hivi, mwendo wa maili kumi na mbili mpaka kumi na tano za bahari kwa saa, na hakuna kusimama. Inarushwa kamba nyembamba kwa bunduki, hio nyembamba inavuta nene, nene inavuta waya, na kwenye waya ndio unapita mpira wa mafuta. Maji yakibanwa baina ya meli mbili yanakwenda kwa kasi na yanazivuta zikaribiane, kwa hivyo aliye kwenye usukani hana ruhusa ya kufikiria kitu kingine hata dakika moja, na sisi wa dek tumesimama na helmeti na maboya kifuani tukiangalia waya ule ambao ukikatika unaweza kumuua mtu. Huku nyuma helikopta inakuja na kuondoka na nyavu za chakula, vipuri, barua. Zoezi moja masaa mawili, matatu, wakati mwingine zaidi, na ikimaliza manowari ya kwanza ya pili iko foleni. Nimewahi kuhudumia tatu kwa siku moja, tulianza kabla ya alfajiri tukamaliza usiku, na nilipofika kitandani nilikuwa nimeshika simu mkononi nataka kumpigia mke wangu, nikaamka asubuhi bado nimeishika.

Na usidhani wa jikoni amepona. Mumeo anaamka saa kumi ya alfajiri au kabla, kuna watu mia hivi wa kulishwa asubuhi, mchana, jioni na wale wa zamu za usiku, na siku ya kupeleka mzigo watu hawashuki mesi kwa hivyo chakula kinapandishwa dek. Kisha kuna stoo na mafriza, maboksi yahesabiwe na yabebwe, sufuria zioshwe na meli yayumba. Akimaliza saa mbili za usiku hapo Likoni kwako yaweza kuwa saa nane ya mchana au saa nane ya usiku, inategemea yuko bahari gani. Akiwa upande wa Bahrain saa yake na yako ni moja. Akiwa Japani amekutangulia masaa sita, yaani wewe ukimaliza kuwapa watoto chakula cha jioni na kukaa na simu yako, kwake ishapita nusu ya usiku na masaa mawili tu yamebaki aamke. Muulize tofauti ya masaa tu, usimuulize yuko wapi, inakutosha kujua wakati gani si haki kumtegemea.

Haya, tuje kwenye kimya, na hapa nataka usome pole pole.

Mtandao wa meli unatoka kwenye setilaiti, na kazi ndio inatangulizwa, kinachobaki ndio watu wagawane, kwa hivyo hata siku nzuri vidiokoli inakatika katika na voisi ya dakika moja inaweza kukaa masaa kabla haijatoka. Hio ni sababu ndogo. Sababu kubwa ni kwamba mawasiliano yanafungwa kwa amri. Meli inayotoa mawimbi ya redio, rada, intaneti na simu mia za mabaharia inasikika mbali, na anayesikiliza anaweza kuhesabu iko wapi na inaelekea wapi, na meli yenye mafuta ya manowari ni windo zuri kuliko hata manowari yenyewe, sababu ukiizuia hio umezizuia zote. Basi wakiwa pahala pa hatari wanazima. Wamarekani wana neno lao, River City, likitangazwa kwenye spika kila mtu ajua mtandao wa nyumbani hakuna mpaka itangazwe tena. Yaweza kuwa masaa sita, yaweza kuwa wiki mbili. Na mumeo hana ruhusa ya kukwambia mapema "kuanzia kesho nitapotea", manake hata hio peke yake ni habari.

Kuna sababu nyingine ambayo wake wengi hawaambiwi. Mtu akiumia vibaya au akifa kwenye meli, au kwenye meli nyingine ya kundi lile, mawasiliano yanafungwa mpaka familia yake iambiwe kwa njia ya heshima, mkewe asije akapata habari kwa jirani au Facebook. Nilikuwepo mara moja. Tulikaa siku nne bila kuandika hata neno kwa nyumbani, mke wangu huku amekasirika nami hasa, na mimi niko kule nimebeba huzuni ya mwenzetu na siwezi kumwambia. Aliponisikia sauti siku ya tano alianza kwa lawama, na simlaumu, hakujua.

Kwa hivyo jibu la swali lako la kwanza: siku kumi na moja kimya kwenye kazi ile ni jambo la kawaida. Mimi nilifika kumi na tisa.

Na kama unamfuatilia kwenye ile programu ya kuonyesha meli ziko wapi, nakuomba uifute leo. Najua wake wa mabaharia wanaishi nayo. Lakini meli za mizigo zalazimika kuwasha chombo cha kujitangaza, meli za jeshi na za serikali hazilazimiki, kapteni anaweza kukizima. Sasa wewe utaiona iko pale, kesho imepotea kwenye ramani, na utakaa usiku kucha ukiwaza imezama. Haijazama, wamezima tu. Tena tafadhali usiandike popote kwamba mume wangu yuko pale au atafika bandari fulani siku fulani, hata status ya WhatsApp usiweke, hata kwa mawifi. Na wale wanaotunga maneno ya siri na waume zao, eti nikisema "samaki" ujue twaelekea kule, msifanye, akijulikana anafukuzwa.

Kuhusu mwanamke wa bandarini. Mimi mumeo simjui, na mtu nisiyemjua siwezi kumwapia. Ninachoweza kukwambia ni vile bandari zilivyo kwa meli zile. Zinaingia kupakia, siku mbili tatu, mafuta yaingie, mzigo uingie, friza zijazwe, na mtu wa jikoni ndio siku zake za kazi nyingi zaidi kuliko hata baharini, sababu chakula cha miezi kinapanda kwa siku mbili. Akipata masaa manne tano ya kushuka anatafuta mtandao mzuri, sabuni, na kitu cha kula ambacho hakukipika yeye. Wapo wanaofanya mabaya, siwezi kusema hawapo, kama vile wapo hapa mjini ambao kila usiku wanalala nyumbani kwao. Lakini mimi kimya chenyewe sikihesabu kama dalili. Ningekuwa na wasiwasi kama pesa zimekatika bila maelezo, ama yuko hewani wazi siku tatu mfululizo na wewe hakujibu, ama amekasirika kila ukiuliza tarehe ya kurudi. Hayo hukuniandikia, kwa hivyo nadhani hayapo. Mawifi waambie kwa adabu kwamba jambo la nyumba yako utazungumza na mwenyewe akija.

Miezi minne iliyokuwa sita nayo ina maelezo. Mtu haondoki melini mpaka aje wa kumpokea, na wapokeaji hawapo. Hizi meli zina uhaba wa watu miaka sasa, mpaka mwaka 2024 jeshi la majini la Marekani likapanga kuziweka kando meli 17 za huduma ili watu wake wagawanywe kwa nyingine. Mwaka huo huo mabaharia wa Royal Fleet Auxiliary waligoma kwa ajili ya mishahara, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu idara ile iundwe. Watu wanaondoka kazini, wanaobaki wanakaa muda mrefu zaidi, wakikaa sana nao wanaondoka. Mumeo yuko ndani ya hio hesabu. Alipokwambia minne alikwambia alichoambiwa.

Utasikia watu wakikwambia kuna sheria, na ni kweli mabaharia wa meli za biashara wana mkataba wao wa kimataifa wa kazi wa 2006 ambao Kenya iliuridhia 2014, una mambo mazuri, mapumziko yasiyopungua masaa kumi kwa siku, haki ya kurudishwa nyumbani kabla mwaka haujaisha, na tangu Desemba 2024 mpaka mambo ya intaneti yameongezwa. Lakini mkataba ule umeandika wazi kwamba hauhusu manowari wala meli saidizi za jeshi. Kwa hivyo usipoteze nauli kwenda ofisi za huku kulalamika, hazina mkono kule. Kinachomlinda ni taratibu za mwajiri wake na chama chake cha wafanyakazi, na mwenye kuuliza ni yeye mwenyewe kwa maandishi: ombi langu la kupokewa lilipelekwa tarehe ngapi, na nani anapangwa kunipokea. Hilo neno "tarehe ngapi" ndilo unapaswa kumuuliza na wewe, badala ya "warudi lini", sababu la kwanza ana jibu lake, la pili hana, na mtu akiulizwa kila siku swali asilokuwa na jibu lake mwisho anaogopa kupiga simu. Nimewaona wanaume wazima wakizunguka dek na simu mfukoni, mtandao upo, wanaogopa nyumbani wataulizwa nini.

Je umwambie aache? Maoni yangu, usimwambie kwa simu, na usimwambie akiwa kule. Maamuzi ya vile yanataka watu wawili wamekaa mkeka mmoja. Akiacha katikati kwanza harudi upesi kama unavyofikiria, na pili makaratasi yenu yanahitaji aonyeshe kipato, kwa hivyo angalia usije ukafunga mlango unaongoja wewe mwenyewe kupitia. Akija likizo ndio mkae: miaka mingapi, kwa lengo gani, na baada ya hapo nini, manake ule muda wa baharini unahesabika na unaweza kumpeleka kwenye meli za safari fupi au kazi za nchi kavu. Mimi na mke wangu tulisema miaka mitano, hatukuandika popote, ikawa kumi na moja. Mamangu alifariki katika mwaka wa nane, nikapata habari siku ya tatu ameshazikwa, na hakuna siku sijutii kwamba hatukuiandika ile mitano.

Sasa mtoto, na hili ndilo limenikaa moyoni zaidi kwenye barua yako. Binti yangu wa pili nilimuacha na mwaka mmoja na nusu. Nikawa baba wa kwenye simu. Niliporudi ana miaka mitatu kasoro, nimekaa sebuleni kando yake, akaenda kwa mamake akamwambia nipe simu niongee na baba. Mamake akamwambia baba ni huyu hapa. Akaniangalia, akaangalia simu, akasema hapana, baba ni yule wa humu. Nililia kwenye choo nisionekane.

Nilichojifunza ni kwamba mtoto mdogo anashika kitu kinachorudi kila siku pahala pamoja. Mwambie mumeo, siku mtandao ukifunguka, asihangaike na vidiokoli inayokatika, arekodi voisi kumi fupi fupi kwa mpigo, ya kulala, ya kuamka, ya kumsifu kuvaa viatu mwenyewe, hadithi ya sungura na fisi dakika tatu. Wewe zihifadhi, kila usiku acha moja, hata kama ni ile ile, watoto hawachoki kurudia. Hapo hata mtandao ufungwe mwezi baba yupo kitandani kila usiku. Na usimwambie "baba atakuja kesho" kumnyamazisha. Mhesabie kwa vitu anavyovijua, baada ya Idi, mvua za masika zikiisha. Mkubwa naye mpe kazi, yeye ndiye wa kumrekodia baba habari za nyumbani, kelele za feri, muuza mahamri akipita, mvua kwenye mabati. Huwezi kujua sauti ya mahamri ilivyo tamu kwa mtu aliye katikati ya bahari.

Mambo ya dharura yapange leo, usingoje. Uwe na karatasi yenye jina kamili la meli, cheo chake, na namba ya ofisi ya mwajiri inayopokea simu usiku na mchana, hio atakupa yeye. Msalaba Mwekundu wa Marekani nao hupeleka ujumbe wa dharura wa familia kwa wanajeshi na kwa raia wanaofanya kazi na jeshi ng'ambo, lakini huthibitisha kwanza, kwa hivyo ukiwa na mgonjwa andika hospitali gani, daktari gani na namba yake. Ujumbe wa njia hio unamfikia hata mtandao umefungwa. Pesa za nyumbani ziwe zatoka kwenye mshahara moja kwa moja, zisingoje yeye apate mtandao, na akuandikie hati ya uwakilishi kwa wakili ili shule, kodi na kiwanja visisimame. Na jamaa wakija, kwa kuwa kila mtu hapa anaamini baharia ana pesa, muwe mmeshakubaliana kiasi cha kutoa na nani wa kusema hapana.

Wewe mwenyewe nenda Mtongwe. Sisemi kwa ubaya, lakini wake wa mabaharia wa mizigo hawatakuelewa kama wale wa jeshi la majini. Kule kuna kina mama ambao Septemba 2012 waume zao walitolewa kupelekwa vitani Kismayu, Somalia, na hawakuambiwa kitu mpaka wakasikia redioni asubuhi ya tarehe 28 kama watu wengine. Wanajua kukaa na kimya bila kukifanya kiwe adui. Mke wangu ndiko alikokwenda kukaa alasiri za Jumapili, na ndiko alikojifunza kuacha kungoja simu, akapanga siku zake kana kwamba haitalia, ikilia ni furaha.

Akirudi mpe siku tatu nne kabla hujamwekea shida za miezi sita mbele. Ataamka saa tisa usiku akatembee tembee, atakula haraka kama anafukuzwa, ataudhika kelele zikizidi, ataona umebadilisha mambo nyumbani bila yeye na atajiona mgeni. Hio inapita. Uwanja wa ndege mchukue mdogo lakini usimsukume amkumbatie, mpe simu mkononi yenye ile voisi ya sungura na fisi, mwambie mumeo achutame mbali kidogo aisimulie mwenyewe kwa mdomo wake, na mumwache mtoto alinganishe sauti.

Akikupa ile tarehe ya ombi lake la kupokewa niandikie tena, nitakwambia cha kuuliza baada ya hapo.